Kabla Basi la Kambi Halijaondoka

Likizo ya Agosti ikikaribia, makanisa mengi ya Nairobi huwa yameshachangisha pesa za kambi ya watoto: basi, magodoro, unga, sukari. Lakini nani atalala bweni lipi na watoto? Hilo huamuliwa jioni ya kufika, giza likiingia, na ndilo linalonitia hofu.

Anzeni na watu. Kila anayejitolea, hata mwana wa mzee wa kanisa, alete cheti cha tabia njema cha DCI, idara ya polisi ya upelelezi wa jinai. Huombwa kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kisha mtu akachukuliwe alama za vidole, kwa hiyo msingoje wiki ya mwisho. Hata hivyo cheti huonyesha rekodi tu, na wengi wanaodhuru watoto hawajawahi kushtakiwa. Pigeni simu kanisa alikotoka, muulize kwa nini aliondoka. Aliyejiunga juzi asikabidhiwe watoto, hata awe hodari namna gani wa kuongoza sifa.

Mtu mzima asibaki peke yake na mtoto mlango ukiwa umefungwa. Maombezi yafanyike mahali wengine wanapoona, hata anayeombea akiwa mchungaji mwenyewe. Kabla ya safari watoto waambiwe waziwazi kwamba mtumishi yeyote akisema, "Usimwambie mama," hapo ndipo pa kumwambia mama.

Watu wazima wanaohitaji msaada husahaulika. Shosho anayempa kijana simu na namba yake ya siri amtumie sadaka kwa M-Pesa anahitaji ulinzi pia. Mwenye ulemavu achague mwenyewe atakayemsaidia kuoga. Na asiwepo wa kumwambia mgonjwa wa kifafa au anayetumia ARV kwamba imani imeshamponya, aache dawa.

Ubaya ukitokea, msiitishe kikao cha wazee. Unajisi, yaani kumwingilia mtoto kingono, ni kosa la jinai chini ya Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006. Msamaha wa familia haulifuti. Mtoto apelekwe hospitali mara moja, maana dawa za kuzuia HIV lazima zianzwe ndani ya saa 72. Asioge kwanza, na nguo alizovaa ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi, si wa plastiki. Kisha polisi. Namba 116 ya kusaidia watoto hupigwa bure, usiku na mchana.

Basi andikeni mapema, mbandike ukutani: 116, hospitali iliyo karibu na kambi, na jina la mwenye gari lililojazwa mafuta, atakayeamka saa nane usiku akiitwa.