Jinsi ya kufundisha Mwingereza na Mjerumani walivyogawana pwani yetu, kwa kamba na korosho

Walimu wenzangu wa Mtwara na Lindi, hii mada ukiifundishia ubaoni watoto wanasinzia, kwaiyo mi nawapeleka ufukweni Mikindani maji yakishakupwa. Beba fimbo, kamba ya katani na korosho za kutosha maana zingine zitaliwa.

Chora pwani kwenye mchanga mbichi toka mdomo wa Ruvuma mpaka kule Kipini, pwani ya Kenya, afu weka korosho Mikindani, Lindi na Kilwa, Zanzibar iwekee kifuu. Sasa laza kamba ufuate pwani, karibu karibu kabisa, waambie huu ndo ukanda wa maili 10 alioachiwa Sultani Barghash wa Zanzibar kwenye makubaliano ya 1886, bara yote huko nyuma Mwingereza na Mjerumani wakagawana, mstari ukatoka mto Umba ukaizunguka Kilimanjaro mpaka Ziwa Victoria.

Hapa usikimbie kabisa. Waache waweke vijiji vyao wenyewe. Kuna binti aliuliza, "Mwalimu, Newala ipo upande gani wa kamba?" akatembea na korosho yake mpaka mbali, akaiweka, akabaki anaitazama kamba.

Afu waulize, Sultani alikuwa wapi wakati wanagawana? Tume iliyopima mali yake ilikuwa ya Mwingereza, Mjerumani na Mfaransa, na Agosti 1885 manowari za Kijerumani zilishatia nanga mbele ya jumba lake. Mwingereza, rafiki yake wa siku zote, ndo akamsihi akubali, kwa sababu London ilikuwa inamhitaji Mjerumani amuunge mkono kuhusu Misri. Hilo lisisitize sana jamani, watoto wanadhani hawa walikuwa ama marafiki ama maadui, kumbe walikuwa wanaviziana huku wanahitajiana.

1890 pita haraka: Zanzibar chini ya himaya ya Uingereza, Mjerumani akapata kisiwa cha Heligoland, ukanda wa upande wake, toka Ruvuma mpaka Umba, akamlipa Sultani marki milioni 4. Itoe kamba ya upande huo.

Mwisho vukeni Ruvuma. 1898 hao wawili wakapatana kwa siri namna ya kugawana makoloni ya Mreno, Msumbiji ikiwemo, Mreno akishindwa madeni, na mwaka uliofuata Mwingereza huyohuyo akamthibitishia Mreno kwamba atamlinda. Watoto watapiga kelele, waache.

Mlioko Lindi mkipata usafiri malizieni Mahiwa, Mwingereza na Mjerumani walipokuja kupigana wenyewe kwa wenyewe Oktoba 1917.