SOMO: Madai ya bima yasiyokatwa, kuanzia dirishani hadi kufunga mwezi

Mwangaluka wote.

Naandika hili kwa sababu mwezi huu nimeulizwa kitu kilekile mpaka nimechoka: "Dada, mbona fomu zetu zinakatwa?", yaani tunadai bima ilipie matibabu, inakataa kulipa yote au sehemu. Nimejibu kwa simu, nimejibu kwa ujumbe, juzi nimejibu nikiwa foleni ya kivuko cha Kamanga huku watu wananisukuma. Leo nimekaa nikaandika lote. Atakayeuliza tena nitamtuma hapa.

Nina miaka tisa dirisha la bima, vituo vitatu, vyote kandokando ya ziwa hapa Mwanza. Nilitokea masijala ya wagonjwa, kazi nimejifunzia kazini. Nitazungumzia zaidi NHIF, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, maana ndiko zinakotoka fomu nyingi. Bima binafsi zina fomu zao, lakini wahakiki wao wanatafuta makosa yaleyale.

Vituoni tunasema "kodi ya ugonjwa". Hapa nitaandika msimbo, yaani herufi na namba zinazosimama badala ya jina la ugonjwa, mgeni asidhani naongelea kodi ya nyumba.

Hatua ya 1. Hakiki uanachama kabla mgonjwa hajaingia kwa daktari. Namba ya idhini iandike papo hapo, usiiweke kichwani.

Hatua ya 2. Jina, namba ya uanachama, umri, jinsia na tarehe viwe kama vilivyo kwenye mfumo. Herufi moja ikipungua, hangaika nayo leo siyo mwisho wa mwezi.

Hatua ya 3. Mgonjwa asaini baada ya kupata huduma. Kumsainisha fomu tupu akiwa anaingia ni kumfanya athibitishe dawa ambayo hajaiona. Najua foleni ni ndefu. Bado usifanye.

Hatua ya 4. Msimbo wa ugonjwa. Hapa ndipo nilipoharibu, kwa hiyo hapa someni taratibu.

Tunatumia ICD-10, orodha ya misimbo ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani. Herufi moja, tarakimu mbili, nukta, kisha tarakimu nyingine, tunayoiita ya nne kwa kuhesabu na ile herufi. Watu wengi wanaipata herufi na tarakimu mbili za mwanzo, uvivu unaanza kwenye ile ya nne, na makato yako hapohapo.

Kituo changu cha kwanza kulikuwa na karatasi ukutani, juu kidogo ya dawati. Magonjwa ishirini na misimbo yake, imefungwa kwa plastiki, kona moja imeliwa na mende. Nani aliibandika hakuna aliyekuwa anakumbuka. Mstari wa saba ulisema: Kichocho, B65.0. Nikawa nanakili. Miezi mitatu nanakili.

B65.0 ni kichocho cha mkojo, kile cha mnyoo wa haematobium, mtoto anakojoa damu. Wagonjwa wetu walikuwa wavuvi na akina mama wanaoanika dagaa. Walikuja wanalalamika tumbo na damu kwenye choo kikubwa. Maabara ilipima choo, ikaandika mayai ya mansoni, mnyoo wa kichocho cha tumbo. Huo ni B65.1. Daktari aliandika sawa, maabara iliandika sawa, mimi peke yangu ndiye niliyeharibu.

Zilirudi fomu 43. Kwenye ile ya juu mhakiki alikuwa amezungushia kwa kalamu nyekundu sehemu mbili, kipimo na msimbo, akaziunganisha kwa mstari, akaweka alama ya kuuliza. Basi. Hakuandika kitu kingine, na hakukuwa na haja. Mganga mfawidhi hakunigombeza. Alinipeleka famasi akanifungulia kabati la prazikwanteli, dawa ya kichocho. Makopo mawili. Akasema, "Hela ya kujaza hapa ndiyo hizo fomu ulizoshika."

Kilichoniuma zaidi nilikielewa baadaye. Takwimu za kituo zilikuwa zinatoka kwenye misimbo ileile. Kwa miezi mitatu, kijiji cha wavuvi kilichokaa kando ya ziwa kilionekana kwenye taarifa kina kichocho cha watu wa bara. Ufukweni na visiwani konokono anayebeba ugonjwa ni Biomphalaria, na kichocho chetu ni cha tumbo. Ukiingia ndani, Kwimba kule kwenye madimbwi na majaruba ya mpunga, yupo konokono mwingine, Bulinus, na watoto wa huko wanakojoa damu. Mtu anayepanga dawa zipelekwe wapi anaangalia namba zetu.

Na usije sasa ukakariri kwamba "Mwanza ni B65.1". Mtoto wa Ngudu, Kwimba, anakuja likizo kwa shangazi yake Igombe huku ufukweni, anaugua akiwa Igombe. Angalia jibu la maabara. Anwani haina mayai.

Kanuni yangu tangu siku hiyo: ugonjwa, kipimo na dawa viongee lugha moja. Kimoja kikiongea peke yake, fomu haitoki mezani kwangu.

ONYO: Usibadilishe ugonjwa ili uendane na dawa. Ukiona dawa mseto ya malaria imetolewa na kipimo cha malaria ni hasi, rudi kwa daktari. Usimwekee malaria wewe. Homa ambayo chanzo hakijajulikana ina msimbo wake, R50.9, na hauna aibu yoyote.

ONYO: Maabara ikiandika falciparum, aina mojawapo ya kimelea cha malaria, usiweke B54. B54 ni malaria ambayo aina yake haikutajwa. Yako imetajwa, iweke B50, kisha tarakimu ya nne ifuate hali ya mgonjwa. B50.0 imeingia ubongoni, B50.8 ni kali ya namna nyingine, B50.9 ni ile isiyotajwa ukali.

ONYO: Uzito uandikwe. Prazikwanteli ni miligramu 40 kwa kila kilo, kidonge kina miligramu 600. Mtu wa kilo 60 anapata vinne. Ukidai vinne na uzito haupo, mhakiki atajuaje? Dawa mseto hivyohivyo: mtu wa kilo 35 na kuendelea ni vidonge 24, mtoto wa kilo 16 ni 12. Nimeshaona fomu ya mtoto wa miaka minne ina vidonge 24. Kukatwa ni jambo dogo hapo. Kimbia umtafute mama yake ujue kama kweli alipewa vyote.

Hatua ya 5. Bei zitoke kwenye kitita kinachotumika sasa, yaani orodha ya huduma na bei za NHIF, kwa ngazi ya kituo chenu. Kitita kilibadilika tarehe 1 Machi 2024 na bado kuna meza zina karatasi za zamani. Zitoeni.

Hatua ya 6. Daktari aweke jina, sifa na saini yake mwenyewe.

Hatua ya 7. Kagua fomu za leo jioni ya leo. Daktari anamkumbuka mgonjwa wa asubuhi, hamkumbuki wa wiki tatu zilizopita. Mimi nakaa dakika arobaini baada ya dirisha kufungwa, zenye upungufu naziweka kwenye bahasha yenye jina la daktari, anazikuta asubuhi.

Hatua ya 8. Ripoti ya makato ikirudi, isome yote. Panga kwa sababu, siyo kwa majina ya wagonjwa. Utakuta sababu mbili au tatu ndizo zinazokula hela yenu yote.

Maswali karibuni.

---

Baraka_Igoma: Dada hongera kwa somo. Sisi fomu zetu zinakatwa sana, shida itakuwa nini?

Mwandishi: Hatua ya 8. Niletee sababu zilizoandikwa kwenye ripoti yenu.

Baraka_Igoma: Ripoti anayo bosi. We nisaidie tu kwa ujumla.

Mwandishi: Kwa ujumla nimeshaandika hapo juu. Bila ripoti nitakuwa nabahatisha na hela ya kituo chenu, sitaki. Mwombe bosi, nitakusubiri.

Neema wa Buswelu: Naomba utuwekee orodha ya misimbo hamsini ya kawaida nichapishe nibandike ukutani.

Mwandishi: Neema mdogo wangu, umeisoma hatua ya 4 kweli? Siweki. Kitabu cha ICD-10 kina juzuu tatu. Anza ya tatu, ndiyo faharasa ya alfabeti, tafuta jina la ugonjwa. Ukipata msimbo usiuandike bado, nenda juzuu ya kwanza usome mstari wake wote, hasa yale maneno yanayosema kipi hakiingii hapo. Ya pili ni maelekezo. Fanya hivyo mwezi mmoja, hiyo hamsini utakuwa nayo kichwani, na utajua kila mmoja umeupataje.

Tabibu Mkongwe: Nimesoma. Lakini mnatulaumu sana sisi. Naona wagonjwa sabini kwa siku peke yangu, halafu asubuhi nakuta bahasha ina jina langu.

Mwandishi: Shikamoo mzee wangu. Katika somo zima aliyelaumiwa ni mimi. Bahasha naiweka kwa sababu siruhusiwi kuandika ugonjwa, wewe ndiye unayeruhusiwa. Nikijaza mwenyewe nakuwa nimeghushi kwa jina lako. Ila sabini ni wengi, nakubali. Kituo chetu tulikubaliana daktari aandike maneno mawili zaidi tu: malaria "ya aina gani", kisukari "aina ya pili, bila madhara" au "chenye madhara". Hayo mawili yamepunguza bahasha sana.

Tabibu Mkongwe: Marahaba. Hayo mawili naweza.

Kijana_Nyakato: Mimi nataka kuingia kazi hii. Kuna kozi ya mtandaoni ya Marekani, ada ndefu kidogo. Nikisoma nitapata kazi hapa?

Mwandishi: Subiri kidogo kabla hujatoa hela, hili ni swali zuri. Marekani wanatumia ICD-10 yao waliyoirefusha, walianza nayo Oktoba 2015. Misimbo yao inafika urefu wa saba, ukihesabu herufi na tarakimu pamoja. Pumu isiyotajwa aina kwetu ni J45.9, kwao J45.909. Ukiniletea ya kwao kwenye fomu ya hapa hailingani. Huduma wanazidai kwa CPT, misimbo ya huduma iliyo mali ya chama cha madaktari cha Marekani, wakati sisi tunatumia kitita. Kwa hiyo usilipe kwa kutegemea kazi ya Mwanza. Kitakachokusaidia zaidi ni anatomia, kusoma mwandiko na majibu ya maabara, na kuomba kujitolea masijala miezi michache. Kama una cheti cha takwimu za afya au utunzaji kumbukumbu, anza na hicho. Na ICD-11 imeanza kutumika rasmi kimataifa Januari 2022, ipitie mtandaoni bure uzoee sura yake.

Kijana_Nyakato: Wabeja sana dada. Umeniokolea ada.

Asiyetaka jina: Bosi ananiambia malaria ya kawaida niweke kali ili tulipwe na kitanda. Nifanyeje?

Mwandishi: Usiweke. Mwambie kwa heshima kwamba msimbo unafuata faili, na faili likiitwa halitakuwa na chati ya sindano wala ya wauguzi. Akisisitiza, mwombe akuandikie kwa maandishi. Wengi huishia hapo. Na ujue hiyo rekodi inabaki kwa mgonjwa. Kesho akifika hospitali ya rufaa wataona mtu aliyewahi kulazwa kwa malaria kali, na siyo kweli. Ukihitaji kuongea zaidi nitafute pembeni.

Nansio_Mpya: Dada, niko Ukerewe, nina wiki tatu kazini. Jana kaletwa mvuvi ana mwiba wa sangara kooni. Daktari kaandika "kitu kigeni kooni". Nimetafuta nimekuta T17 na T18, nimekwama.

Mwandishi: Umefika mahali pazuri pa kukwama. T17 ni njia ya hewa, T18 ni njia ya chakula. Koromeo, pale unapopaona mtu akipanua mdomo, ni T17.2. Ukishuka umioni ni T18.1. "Kooni" haikuambii, muulize daktari aliuona wapi.

Nansio_Mpya: Na mamba? Nimeambiwa huku wapo na nisije nikashangaa.

Mwandishi: Yupo, W58. Ila asitangulie. Linatangulia jeraha, mfano S81 kama ni kidonda cha mguu chini ya goti, kisha W58 kueleza lilipatikanaje. Misimbo ya visababishi vya nje haisimami peke yake.

Mzee wa Mwaloni: Kiboko je? Kwetu huyo ndiye anatusumbua.

Mwandishi: W55, mamalia wengine. Utaratibu uleule, jeraha kwanza. Na mtumbwi ukizama angalia V90.

Fatma_Ilemela: Hapohapo niongeze: wa uzazi msisahau Z37, matokeo ya kujifungua, pamoja na O80, kujifungua kwa kawaida. Sisi tulikuwa tunaacha hiyo Z37.

Mwandishi: Asante Fatma. Na upasuaji wa dharura, O82.1, uende na sababu iliyofanya mama apasuliwe. Mkunga ameshaiandika kwenye patografu, ile chati ya uchungu, ifuateni huko.

Nansio_Mpya: Nimerudi kwa daktari. Anasema aliuona kwa tochi, karibu na kidakatonge, akautoa kwa kibanio. Kwa hiyo T17.2?

Mwandishi: T17.2. Mwambie aongeze mahali alipouona na kwamba ameutoa, asaini, kisha angalia kama huduma ya kutoa ipo kwenye kitita kwa ngazi yenu. Fanya leo, kabla hajaondoka zamu.