Kabla Hujagusa Kitu Karibu na Mpira wa Gofu

Karatasi ya sheria za uwanja isome kabla ya pigo la kwanza. Mwaka 2010, kwenye shimo la mwisho la PGA Championship, shindano kubwa la gofu, huko Whistling Straits, Marekani, mchezaji Dustin Johnson aliweka fimbo yake chini pahala alipodhani ni ardhi ya kawaida iliyokanyagwa na watazamaji. Palikuwa banka, yaani shimo la mchanga lililowekwa kuwa kikwazo, na karatasi ilikuwa imeeleza kwamba kila shimo la mchanga uwanjani lihesabiwe hivyo. Aliongezewa mapigo mawili, akakosa hata nafasi ya kuwania taji na Bubba Watson na Martin Kaymer, aliyeibuka bingwa.

Kwa hiyo swali la kwanza ni: nimesimama wapi? Kwenye banka huruhusiwi kuupima mchanga kwa mkono, fimbo wala reki, kutua fimbo mbele au nyuma ya mpira, au kugusa mchanga unapozungusha fimbo kwa majaribio. Kwenye eneo la adhabu, yaani mto, bwawa au sehemu iliyowekewa vigingi vyekundu au vya njano, fimbo unaweza kuitua bila wasiwasi. Wengi huchanganya haya mawili kwa sababu zamani yalikuwa chini ya katazo moja.

Swali la pili: hiki ni kitu gani? Tangu 2019, majani, mawe, vijiti na wadudu unaweza kuviondoa popote, hata ndani ya banka na eneo la adhabu, mradi havijaota, havijazama ardhini wala kunata kwenye mpira. Ukubwa hauhesabiki. Mwaka 1999 huko Phoenix, watazamaji walimsogezea Tiger Woods jabali zima, na waamuzi wakaridhia kwa kuwa lilikuwa limelala tu juu ya ardhi.

Hapa ndipo naomba uwe makini zaidi. Ruhusa ya kuondoa jani haikupi ruhusa ya kusogeza mpira. Mpira ukisogea kwa sababu ya jani uliloliokota, ni pigo moja la adhabu na lazima uurudishe ulipokuwa. Kwenye grini pekee, yaani eneo la nyasi fupi kuzunguka shimo, na pale pa kuanzia, ndipo unaposamehewa. Angalia kwanza nini kinaushikilia mpira. Kijiti kikiwa kimeuegemea, mimi hukiacha. Reki, chupa au kopo ni mambo mengine: ukiviondoa na mpira ukasogea, unaurudisha bila adhabu.

Mchanga na udongo mlaini havimo kwenye kundi la vitu hivyo. Unaweza kuvifagia kwenye grini na pale pa kuanzia tu. Kwingineko, mchanga uliorushwa nje ya banka na uliokuwapo mbele ya mpira wako tangu mpira ulipotua huugusi, hata ukikukera namna gani. Umande nao huuondoi, hata kwenye grini, isipokuwa pale pa kuanzia.

Mwisho, jifunze rangi za vigingi. Kutoka eneo la adhabu kwa pigo moja la adhabu, njano inakupa njia mbili: kurudi ulipopigia, au kurudi nyuma kwa mstari kutoka shimo kupitia pale mpira ulipoingilia. Nyekundu inaongeza ya tatu, kuangusha mpira kando ndani ya urefu wa fimbo mbili. Lakini kabla ya kutumia nafuu hiyo kwa mpira usioonekana, uwe na uhakika wa angalau asilimia 95 kwamba umeingia humo. Vinginevyo mpira umepotea, na unarudi ulipopigia.