Gari imezima Kimara, fundi yuko Tandale: namna ya kuvuta bila kuua gia boksi wala mtu

Kuna siku utapigiwa simu na ndugu yako, njoo na kamba bwana, gari imenizimia hapa Kimara, Dar. Na wewe una Hilux yako basi unaona kazi ya nusu saa hiyo. Subiri kwanza. Kabla hujatoka muulize vitu viwili tu, gari yake ni manuali au otomatiki, na inasukumwa na tairi za wapi. Hapo ndio wengi wanapoumia, unaokoa hela ya brekdauni, ile lori ya kubeba gari mbovu, halafu wiki inayofuata uko Ilala unazunguka kutafuta gia boksi ya mtumba.

Iko hivi. Gia boksi ya otomatiki ina pampu yake ya oili na hiyo pampu inazungushwa na injini. Injini ikizimwa pampu nayo imelala, kwa hiyo ukivuta gari huku tairi zinazosukuma ziko chini, vyuma vya ndani vinazunguka bila oili ya kutosha mpaka vinaungua. Kuitoa katikati ya barabara kuisogeza pembeni haina neno, weka fri, yaani N, isogeze taratibu. Lakini Kimara mpaka Tandale sio kusogeza. Mimi lilinikuta na IST ya shemeji yangu, ilikuwa pampu ya maji tu, kazi ndogo, tukaivuta kwa kamba kutoka Mbezi tena tunapiga stori, fundi akabadilisha pampu injini ikawaka safi kabisa, kuweka D gari haiendi. Weka R, haiendi. Shemeji alikaa mwezi mzima hapokei simu zangu.

Kwa hiyo IST, Vitz, Passo, Raum, Spacio na wenzake, nyingi zinasukumwa na tairi za mbele, hizo za otomatiki lazima mbele inyanyuliwe juu na brekdauni, zizunguke za nyuma tu na handibreki iwe imeshuka. Mark X, Crown, Altezza ni kinyume chake, nyingi zinasukumwa na za nyuma, kwa hiyo inyanyuliwe nyuma au fundi aje afungue propela shafti, ile shafti ndefu inayopeleka nguvu tairi za nyuma, hapo hapo barabarani, dakika chache tu kama ana spana sahihi. Forester na gari zote zinazosukuma tairi nne muda wote usifikirie kamba wala kunyanyua upande mmoja, ita brekdauni ile inayopakia gari zima mgongoni. Haibridi, zenye injini na mota ya umeme, kama Aqua na Prius nazo hivyo hivyo, zile tairi za mbele zikizunguka zinazungusha mota na mota inazalisha umeme hata kama gari imezimwa, sio kitu cha kuchezea. Manuali ndio rafiki wa kamba, weka fri imeisha. Huko Marekani watu wanasafiri na nyumba ya magurudumu huku wamefunga kigari nyuma masafa marefu, lakini wanachagua kigari ambacho kiwanda chenyewe kimeruhusu kivutwe tairi zote zikiwa chini, na wanakifungia kifaa kinachokanyaga breki chenyewe. Sisi kifaa chetu ni mtu aliyekaa kwenye usukani wa nyuma.

Na huyo mtu ndio kila kitu. Watu wanadhani dereva kazi yake iko mbele, nyuma wanamuweka mtoto wa jirani anayejifunza gari, au mwenye gari mwenyewe ambaye ameshachanganyikiwa. Hapana. Mzoefu akae nyuma. Injini ikiwa imezima breki inakupa kukanyaga kama mara moja au mbili laini, baada ya hapo pedali inakuwa ngumu kama jiwe. Breki ipo ila inataka mguu wa nguvu, na asiyejua anadhani imekufa anaingiwa na hofu. Usukani nao mzito. Funguo iwe ON muda wote, ukiitoa usukani unajifunga na hapo mmekwisha. Kama injini inaweza kuwaka na ubovu sio wa injini wala haichemshi, iache iwake, utapata breki na usukani wa kawaida.

Betri ikiwa imekufa kabisa gia inaweza kugoma kutoka P. Angalia pembeni ya mkono wa gia, gari nyingi za Kijapani zina kitundu au kifuniko kidogo kimeandikwa shift lock, bonyeza hapo kwa ncha ya funguo huku umekanyaga breki, vuta mpaka N. Usilazimishe.

Kamba sasa. Nunua ya kuvutia gari kabisa, ile pana ya nailoni yenye ndoano, sio kamba ya katani iliyokuwa inafunga magunia, na mnyororo au waya wa chuma ndio kabisa usitumie kwasababu hauvutiki, kila mshtuko unakwenda moja kwa moja kwenye bodi, na ukikatika unarudi kama fimbo. Urefu mita nne hivi. Mahali pa kufunga ni kwenye ndoano ya gari tu. Gari nyingi ndogo ndoano haionekani, iko buti pamoja na jeki, ni kibolti kikubwa chenye pete, kwenye bampa utaona kifuniko kidogo, kibandue, ingiza, zungusha mpaka iishie na ukaze kwa spana ya tairi. Ukiikaza nusu inang'oka na nyuzi zake. Nimeona watu wanafunga kwenye ami, kwenye stabilaiza, mwingine kwenye bampa lenyewe, alifika na bampa, gari ikabaki Ubungo. Kama una chuma cha kuvutia, kile kirefu kigumu, tumia hicho, ni bora kuliko kamba mara kumi maana gari ya nyuma haiwezi kukugonga. Na inayovuta iwe nzito kuliko inayovutwa au angalau zilingane, kirikuu kuvuta Alphard ni vichekesho mpaka mfike kwenye mteremko.

Halafu Dar ina la kwake ambalo hutalikuta kwenye kitabu cha gari. Ile nafasi ya mita nne kati ya gari mbili, kwa bodaboda hiyo ni njia. Foleni ikisimama tu anakata katikati, haoni kamba, au anaiona imelegea chini anadhani haihusiki, nyie mnaondoka kamba inakaza inamkuta ya miguuni. Muuza maji naye anapita hapo hapo, na mama na mtoto wanavuka. Kwa hiyo funga kitambaa chekundu katikati ya kamba, kanga, fulana, chochote kinachoonekana, na mkisimama kwenye foleni msaidizi ashuke asimame usawa wa kamba mpaka muondoke. Ndio, unahitaji mtu wa tatu, akae gari ya mbele anaangalia nyuma, ndio macho yenu. Gari ya nyuma bandikeni karatasi au boksi limeandikwa NAVUTWA kwa maandishi makubwa, mbele na nyuma, kwasababu trafiki pale mataa anaweza kuruhusu ya mbele akanyoosha mkono kusimamisha ya nyuma. Hazadi washeni zote, ila kumbuka hazadi ikiwaka indiketa kwa gari nyingi haionekani, kwa hiyo mkikata kona mtoe mkono dirishani.

Kuondoka, gari ya mbele isogee kidogo kidogo mpaka kamba inyooke, isimame, halafu ndio iondoke kwa gia ya kwanza bila kushtua. Mwendo ishirini, thelathini basi. Wa mbele asifunge breki ghafla, aachie mafuta mapema, na wa nyuma anaigusa breki kidogo kidogo ili kamba isilegee, yaani muda wote yeye ndio anaiweka kamba imenyooka. Kamba ikilegea halafu ikakaza ghafla ndio inakatika. Mkianza kushuka kutoka Kimara kuja Ubungo hapo wa nyuma ndio anafanya kazi yote, akisahau anaingia kwenye buti la mwenzie. Kona mzipige kwa upana, ya nyuma huwa inakatia ndani inapanda ukingo. Kuingia barabara kubwa subirini nafasi ya gari tatu, sio moja. Njia ya mwendokasi msiiguse hata kama iko tupu inakuita.

Simu msitegemee, wa nyuma ana kazi mikono yote miwili. Kubalianeni kabla, honi moja ndefu maana yake simama, na kama betri ya nyuma imekufa honi hakuna, atoe mkono na yule msaidizi ndio aone.

Usiku acheni, laleni, muende asubuhi. Kama gari imezimia kwenye maji, Jangwani pale kipindi cha masika, usiipige stata hata mara moja, maji yakiwa ndani ya silinda unapinda koneksheni rodi, kile chuma kinachoshika pistoni. Vuteni tu, na breki zikitoka majini zinakuwa dhaifu kwa muda, wa nyuma azikanyage mara kadhaa zikauke. Na ile ya kuvuta manuali ili iwake njiani kwa kamba mimi siipendi, injini ikiwaka gari inaruka mbele na mbele yake uko wewe.

Mkifika gereji handibreki kwanza, jiwe kwenye tairi, gari ya mbele irudi nyuma kidogo kamba ilegee, ndio mfungue ndoano. Kamba ikung'ute mchanga kabla hujaikunja, ule mchanga unaila nyuzi kwa ndani na wewe huoni.