Somo: Funksheni za PHP, vigezo na kurudisha jibu

Wengi mnaoanza PHP mnaandika funksheni inayochapisha jibu lake moja kwa moja kwenye ukurasa. Namba ikionekana, mnaridhika. Leo tunajenga funksheni moja tu, ya kukokotoa VAT kwa duka la mtandaoni, tuone kwa nini jibu lirudishwe na si kuchapishwa.

Hatua ya 1: Iandike

```php
function bei_na_vat($bei, $kiwango = 18) {
    return $bei + ($bei * $kiwango / 100);
}
```

Vilivyo ndani ya mabano ni vigezo. `$bei` ni cha lazima. Ukiiita funksheni bila kukipa thamani, PHP inagoma na kutoa `ArgumentCountError`. `$kiwango` tayari kina 18, kiwango cha kawaida cha Tanzania Bara, kwa hiyo usipokitaja kinatumika hicho.

Kwa nini kiwe kigezo, wakati 18 tunaijua? Aprili 2020 Kenya ilishusha VAT kutoka asilimia 16 hadi 14, kisha Januari 2021 ikairudisha 16. Ukiwa umeandika 1.16 kwenye kikapu, kwenye ankara na kwenye risiti, hapo utazisaka zote mara mbili.

Hatua ya 2: Iite

```php
echo bei_na_vat(20000); // 23600
echo bei_na_vat(20000, 16); // 23200
```

Hatua ya 3: Jaribu kuiharibu

Hapa ndipo penye somo lenyewe. Futa `return`, weka `echo`, halafu ongeza nauli ya bodaboda:

```php
$jumla = bei_na_vat(20000) + 5000;
```

Kwenye skrini inatokea 23600, unadhani mambo yako sawa. Sasa chapisha `$jumla`: ni 5000! Funksheni isiyo na `return` inarudisha `null`, na kwenye kujumlisha PHP inaihesabu `null` kama sifuri. Hakuna kosa wala onyo. Mteja anadaiwa nauli peke yake, mzigo anachukua bure.

Kuchapisha ni kazi ya ukurasa. Funksheni ya hesabu ikishapata jibu, ilikabidhi kwa aliyeiita, naye ataamua kama analionyesha, analijumlisha au analitunza kwenye hifadhidata. Tena `return` ndiyo mwisho wa safari. Mstari unaoifuata moja kwa moja hausomwi kabisa.

Hatua ya 4: Taja aina

```php
function bei_na_vat(int $bei, int $kiwango = 18): int {
    return (int) round($bei + ($bei * $kiwango / 100));
}
```

Hii inawezekana tangu PHP 7, ya 2015. Ukisahau `return` sasa, utapata `TypeError` papo hapo badala ya hasara ya kimyakimya. `round` nimeiweka kwa sababu bei kama 19999 inazaa desimali.

MASWALI

Swali: Mkuu, nimeweka `$kiwango = 16;` juu kabisa ya faili, nikakitoa kwenye mabano. Naambiwa "Undefined variable". Mbona kipo?

Jibu: Kipo nje. Ndani ya funksheni vigeu vya nje havionekani, kirudishe kwenye mabano. Utakutana na watu watakaokwambia utumie `global`. Itafanya kazi, ila siku thamani ikibadilika hutajua nani kaigusa.

Swali: Nataka kodi na jumla vyote viwili. Niweke `return` mbili?

Jibu: Ya pili haitafikiwa. Rudisha safu moja:

```php
return ['kodi' => $kodi, 'jumla' => $bei + $kodi];
```

Kisha unachukua `$jibu['kodi']`. Ila aina ya jibu ibadilishe iwe `array`, la sivyo itagoma.

Swali: Mwalimu, bei yangu inatoka kwenye fomu, naipitisha kama `(int) $_POST['bei']`. Mtu akiandika 20,000 napata 24. Hesabu gani hii?

Jibu: Hesabu iko sahihi, kilichoingia ndicho kibovu. Fomu inaleta maandishi, na `(int)` inasoma tarakimu mpaka ikutane na mkato. Imebaki na 20, ukiongeza VAT ni 23.6, ikakadiriwa kuwa 24. Ondoa mkato kwanza:

```php
$bei = (int) str_replace(',', '', $_POST['bei']);
```

Usiuondolee ndani ya `bei_na_vat`. Hiyo ipokee namba safi tu.