Kufanya Kazi na BMIM PF6 kwa Usalama: Hatari Isiyotajwa kwenye Lebo

Vimiminika vya ioni, yaani chumvi ambazo ni kimiminika hata bila joto kali, vimeingia maabara nyingi kwa sifa nzuri. Havitoi mvuke kama etha au asetoni, vingi havishiki moto kirahisi, na mtu anaweza kukaa navyo mezani siku nzima asisikie harufu yoyote. Sifa hizo zina ukweli, na ndizo zinazowafanya watu wajisahau. Mwongozo huu unahusu kimoja tu kati yake, kinachotumika sana kufundishia na kutenganishia kemikali: 1-butili-3-methilimidazoliamu heksaflorofosfeti. Maabarani huitwa BMIM PF6.

Ukiitazama chupa yake mpya utaona alama ya mshangao na maelezo kwamba inawasha ngozi, macho na njia ya hewa. Basi. Lakini lebo inaeleza kemikali ilivyotoka kiwandani, haielezi utakachoifanyia. Sehemu yake ya PF6 (ile heksaflorofosfeti, ioni hasi yenye fosforasi moja na florini sita) ikikutana na maji, hasa penye joto au asidi, huvunjika na kutoa haidrojeni floraidi, yaani HF. Ioni moja ya PF6 ikivunjika kabisa hutoa molekuli sita za HF. Piga hesabu: gramu 10 za BMIM PF6 zikivunjika zote, unapata zaidi ya gramu 4 za HF. Mwaka 2003 kundi la Robin Rogers, Chuo Kikuu cha Alabama, lilieleza jinsi lilivyokuta fuwele za floraidi lilipokuwa likisafisha kimiminika hikihiki. Kwa hiyo hili si jambo la kinadharia.

Hatua ya 1: Andaa huduma ya kwanza kabla ya kufungua chupa

Kitu cha kwanza kufika mezani kiwe jeli ya kalsiamu glukonati ya asilimia 2.5. Angalia tarehe ya mwisho wa matumizi, kisha mwonyeshe mwenzako ilipo, kwa sababu wewe ukiungua yeye ndiye atakayekupaka.

HF haifanani na asidi nyingine ulizozizoea. Ikiwa hafifu, inapenya ngozi bila kuuma, na maumivu yanaweza kuja baada ya saa kadhaa, hata siku nzima. Wakati huo floraidi imeshashuka chini ya ngozi na inanyakua kalsiamu na magnesiamu za mwili. Kalsiamu ya damu ikishuka sana, moyo hupoteza mapigo yake ya kawaida. Jeli inaipa floraidi kalsiamu nyingine ya kushika, badala ya ile ya mwilini. Kama unapanga kuipasha moto BMIM PF6, au kuiweka pamoja na maji au asidi, na jeli haipo, kazi isubiri.

Hatua ya 2: Vaa vya kutosha

Koti lililofungwa vifungo vyote, miwani ya kinga inayoziba pembeni, viatu vya kufunika vidole, na glavu za naitraili. Kwa kazi ya maji au joto vaa jozi mbili na ubadilishe ya juu mara inapoguswa na tone. Glavu nyembamba za maabara zimetengenezwa kwa ajili ya tone la bahati mbaya, hazikutengenezwa kwa kuchovya mkono.

Hatua ya 3: Pima kwa uzito

Watu wengi huchukua pipeti na kuvuta kama wanavyovuta maji. BMIM PF6 kavu, kwenye joto la chumba, ni nzito kutiririka mara mia kadhaa kuliko maji. Inapanda pipeti polepole, inaacha utando mnene ukutani, na ukiitoa pipeti unavutika uzi mwembamba unaofuata mkono wako kutoka chupani hadi kwenye bika. Uzi huo ukikatika huangukia juu ya mizani, na kwa kuwa kimiminika hiki hakikauki, tone litabaki pale hadi mtu mwingine aweke kiganja chake.

Tumia sirinji ya plastiki yenye mdomo mpana, bila sindano. Weka bika juu ya mizani, rudisha mizani kwenye sifuri, dondosha mpaka upate gramu unazotaka. Ukihitaji ujazo, gawanya uzito kwa 1.37, ambao ni msongamano wake wa takriban kwa nyuzi 25. Ukimaliza, futa mdomo wa chupa kabla ya kurudisha kizibo, na funga barabara. Walio maeneo ya pwani kama Dar es Salaam au Mombasa walitilie mkazo hili, kwani kimiminika hunyonya unyevu wa hewani, na maji ndiyo mwanzo wa matatizo yote.

Hatua ya 4: Linda dhidi ya maji, asidi na joto

Hapa ndipo ningependa usome mara mbili.

Kwanza, kukausha. Usiichukue yenye maji mengi ukaiweka moja kwa moja kwenye joto kali. Tumia pampu ya vakyumu, koroga, anza kwenye joto la chumba hadi maji mengi yatoke, ndipo upandishe taratibu hadi nyuzi 60 au 70. Weka mtego wa baridi (chombo kilichopozwa cha kunasa mvuke) kabla ya pampu, ndani ya kabati la kufyonza hewa.

Pili, usidanganywe na namba za joto la kuvunjika unazozikuta kwenye makala. Nyingi zilipatikana kwa kupasha sampuli ndogo, kavu, kwa haraka. Jaribio lako la saa nyingi, lenye maji ndani, ni habari nyingine kabisa, na linaweza kutoa HF kwenye joto la chini sana kuliko namba hizo.

Tatu, asidi. Ukitumia BMIM PF6 kuvuta metali kutoka kwenye maji yenye asidi ya naitriki, kwa mfano, tayari umeweka pamoja vitu viwili kati ya vile vinavyoivunja. Fanya kazi hiyo kwenye vyombo vya polithini au tefloni, bila kupasha moto, na usiache mchanganyiko ulale hadi kesho. Na kama unaitengeneza mwenyewe, chagua potasiamu heksaflorofosfeti badala ya asidi yake, kwani asidi hiyo ya dukani huja na HF ndani.

Kazi ikilazimisha maji moto au asidi, mimi ningebadilisha kimiminika chenyewe. Vipo vyenye ioni hasi nyingine, iitwayo NTf2, badala ya PF6, ambavyo havichanganyiki na maji vilevile, lakini vinastahimili maji vizuri zaidi.

Hatua ya 5: Kagua chupa ya zamani kabla ya kuitumia

Shika chupa kwenye mwanga ukiwa na glavu. Kioo kilichopata ukungu ndani usiofutika, kana kwamba kimepigwa msasa, kimeliwa na HF. Kama kioo ni safi, tikisa tone na maji kidogo kwenye kikombe cha plastiki, kisha chovya karatasi ya pH kwenye maji hayo. Ikionyesha asidi, chupa hiyo ni taka.

Hatua ya 6: Ikimwagika au ikimgusa mtu

Tone safi: nyonya kwa karatasi, kisha futa kwa kitambaa chenye asetoni baada ya kuzima kila chenye moto. Maji pekee hayaiondoi. Ukishuku kuna HF, nyunyizia kwanza unga wa kalsiamu kabonati na uache ufanye kazi. Usitumie mchanga, maana HF hushambulia silika.

Ngozi ikiguswa na kimiminika safi, osha kwa maji mengi na sabuni. Kukiwa na shaka yoyote ya HF, vua nguo iliyolowa, suuza kwa maji dakika 5, kisha anza kupaka jeli na kuisugua bila kukoma, huku mpakaji amevaa glavu. Jeli ikikosekana, endelea na maji angalau dakika 15. Macho ni maji tu, jeli hii haiwekwi machoni. Mpeleke hospitali hata kama hasikii maumivu, na mwambie daktari waziwazi kwamba ni asidi ya haidrofloriki. Akisikia “asidi” peke yake anaweza kutibu kidonda cha juu tu.

Hatua ya 7: Taka

Hakuna kinachoenda sinkini, hata maji ya kusuuzia. Maji hayo yanaonekana masafi, lakini karibu gramu 2 za BMIM PF6 huyeyuka katika mililita 100 za maji, haiozi kirahisi na ina sumu kwa viumbe wa majini. Kusanya kwenye dumu la polithini, usijaze hadi juu, na usilizibe kwa nguvu hadi lisipumue. Kwa Tanzania, uliza utaratibu wa kuteketeza kwa Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali kabla dumu halijajaa. Juu yake andika jina kamili la kemikali, tarehe, na maneno haya kwa herufi kubwa: INAWEZA KUWA NA HF. USICHANGANYE NA ASIDI.