Kabla Kijiko Hakijafika Shambani: Mambo ya Kuzingatia kwa Wakazi wa Mtwara na Lindi

Anayekodi mtambo wa kijiko, ule wa matairi manne wenye ndoo pana mbele na mkono wa kuchimbia nyuma, analipia saa. Injini ikinguruma huku wanafamilia wakibishana tangi la maji likae mbele au nyuma ya nyumba, saa inakwenda na dizeli inaungua. Kazi ya kijiko kwa sehemu kubwa inafanywa kwa miguu, kamba na vigingi, siku kadhaa kabla mtambo haujashuka kwenye lobedi, lile lori la kubebea mitambo. Haya ni kwa mwenye shamba au kiwanja cha kijijini, awe Tandahimba, Ruangwa au Mingoyo, ambaye ana shimo la kuchimba, visiki vya mikorosho ya zamani, kichuguu kilichokaa katikati ya kiwanja au njia iliyoliwa na maji, na angependa vyote viishe mtambo ukija mara moja.

Kwanza angalia majira. Kusini tuna msimu mmoja wa mvua, unaoanza Novemba au Desemba na kwenda hadi Aprili, mara nyingine Mei. Mvua ikiwa imekolea, mtambo wa tani 7 au 8 unazama kwenye udongo mweusi wa mabondeni, na kuunasua kunahitaji mtambo mwingine. Ukisema usubiri kiangazi kikomae, unaingia kwenye korosho. Kuanzia Juni hivi mikorosho inachanua na watu wanapuliza salfa dhidi ya ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho. Ikifika Septemba korosho zinaanza kudondoka chini ya miti iliyokwisha kufyekewa na kufagiliwa. Kupitisha matairi humo ni kutafuta hasara na ugomvi. Kwa maoni yangu wiki bora ni za mwisho wa Mei hadi mwanzoni mwa Juni: bonde limekauka kiasi cha kubeba mtambo, na mchanga wa uwanda wa Makonde bado una unyevu unaosaidia kuta za shimo kusimama. Tahadhari moja tu. Kimbunga Hidaya kilipiga pwani yetu mwanzoni mwa Mei 2024, na barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi ikakatika upande wa Kilwa. Mtambo ukiwa unatoka mbali, sikiliza taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa kabla ya kutoa malipo ya awali.

Ardhi nayo ijue kabla hujailetea chuma. Watu wa Nachingwea hawahitaji kuelezwa hili kwa kirefu. Mpango wa Karanga wa Waingereza, wa kulima karanga kwa mashamba makubwa hadi huko Nachingwea, ulianza mwaka 1947 kwa matrekta mengi mno kabla udongo na mvua za maeneo husika havijafahamika vya kutosha, ukafutwa mwaka 1951, na reli iliyojengwa kutoka Mtwara kwa ajili yake nayo ikafungwa miaka ya 1960 mwanzoni. Wewe huhitaji mtaalamu kwa shimo la nyumbani. Chukua sururu na chepeo, chimba shimo dogo la majaribio la mita moja hadi moja na nusu palepale unapotaka mtambo uchimbe. Ukikuta mchanga mwekundu unaomiminika, utajua kuta zitahitaji kulazwa, yaani kuchimbwa kwa mteremko. Ukiwa pwani, Mikindani au Kilwa, ukagonga mwamba wa matumbawe, ndoo ya kawaida itaparuza tu na meno yake yataisha bure. Kazi hiyo inataka nyundo ya kuvunjia mawe, na si kila mtambo unakuja nayo. Upande wa Masasi jabali linaweza kuwa chini kidogo tu ya udongo.

Sasa niingie kwenye kazi ambayo ndiyo hasa inawafanya watu wengi wa Newala na Tandahimba wafikirie kijiko: tangi la chini la kuvunia maji ya mvua. Chukua paa la mita za mraba 60 mahali panapopata milimita 900 za mvua kwa mwaka. Hayo ni maji ya mita za ujazo 54. Ukitoa yanayomwagika na kupotea, unabaki na kama 43. Familia inayotumia lita 100 kwa siku, katika miezi 7 isiyo na mvua itahitaji takriban lita 21,000. Kwa hiyo tangi lenye upana wa mita 4, urefu wa mita 4 na kina cha mita 2 ndani, yaani lita 32,000, linatosha na kubakiza. Wengi hutaka kwenda chini mita 3 au 4 kwa sababu mkono wa mtambo unafika, kwani mitambo mingi ya aina hii huchimba hadi mita 4 na zaidi. Kwenye mchanga nashauri uchimbe pana badala ya kwenda chini. Shimo fupi ni salama kwa fundi atakayeingia kujenga, na kuta zake hazisukumwi sana na udongo.

Halafu fikiria swali ambalo husahaulika kuliko yote: udongo unakwenda wapi? Ili fundi apate nafasi ya kujenga ukuta, shimo lichimbwe likizidi tangi kwa nusu mita kila upande, na kina kiongezwe kidogo kwa ajili ya zege la sakafu. Hapo una shimo la mita 5 kwa 5 kwa 2.3, sawa na mita za ujazo 57 na nusu. Udongo ukichimbuliwa huvimba, mchanga kidogo na mfinyanzi zaidi. Kwa ongezeko la asilimia 20 utakuwa na mita za ujazo 69 juu ya ardhi. Rundo hilo, likiwa na kimo cha mita moja na nusu, litafunika eneo kubwa kuliko paa la nyumba yako. Ukitaka liondolewe kwa tipa ndogo ya mita za ujazo 5, ni safari 14. Kama hujapanga, opareta atalimwaga pale mkono unapofika, ambapo huenda ndipo mlango wa jiko ulipo, au juu ya mizizi ya mwembe, au kwenye njia ya maji ya mvua. Kisha utalipa saa nyingine za mtambo kuliondoa.

Kwa hiyo weka vigingi vya mahali pa udongo kama ulivyoweka vya shimo. Na uwe na mahali pawili. Sentimita 20 hadi 30 za juu, zile nyeusinyeusi zenye majani yaliyooza, zikwanguliwe kwanza kwa ndoo ya mbele na zilundikwe peke yake. Udongo wetu wa mchanga hauna rutuba nyingi, na hiyo kidogo iliyopo imekaa hapo juu. Ukizika tabaka hilo na kutandaza mchanga wa chini juu yake, mahali hapo muhogo utadumaa kwa misimu. Tabaka la juu lirudishwe bustanini. La chini lijaze mashimo ya njia au liinue sakafu ya banda la mbuzi. Rundo lolote likae angalau mita moja kutoka ukingoni mwa shimo, kwa sababu mita moja ya ujazo ya udongo ina uzito wa tani moja na nusu au zaidi, na uzito huo ukiwa ukingoni ndio unaoporomosha ukuta.

Mahali pa shimo pia pana kanuni. Lisikaribie msingi wa nyumba. Kwenye mchanga, umbali uwe mara moja na nusu ya kina, na kuongeza si dhambi. Choo cha shimo kikae mbali, mita 30 kama kiwanja kinaruhusu, na kiwe upande wa chini wa mteremko.

Baada ya hapo tembea kiwanja chote ukiuliza kilicho chini. Mabomba ya maji na nyaya za mawasiliano hupita kando ya barabara, mara nyingi bila alama. Bomba la gesi lililokamilika mwaka 2015, linalotoka Madimba, Mtwara, na kupita Lindi kwenda Dar es Salaam, lina mkuza, yaani ukanda wa ardhi uliotengwa kwa ajili yake, wenye alama zake. Ndani ya mkuza huo usichimbe hata mtaro mfupi bila kuwasiliana na TPDC, Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania. Kando ya barabara kuu na za mkoa, hifadhi ni mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara kwa Sheria ya Barabara ya mwaka 2007. Kando ya mito, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60. Na kama unawaza kuziba kijito ili upate bwawa, anzia Bodi ya Maji ya Bonde la Ruvuma na Pwani ya Kusini, ofisi zake ziko Mtwara.

Kuna jambo halimo kwenye ramani yoyote: makaburi. Mashamba mengi ya Wamakonde, Wamwera na Wamakua yana makaburi ya familia, na mengine hayana tena jiwe wala mti wa alama. Mwite mzee anayeijua ardhi, babu au bibi wa upande wa jirani, atembee nawe kabla ya kuchomeka kigingi cha kwanza. Mwambie na mwenyekiti wa kitongoji, na jirani mnayepakana naye aone mpaka mkiwa pamoja. Nusu saa ya heshima namna hiyo inaokoa mengi.

Njia ya kuingilia ipime. Mtambo una upana wa karibu mita 2.4, basi fyeka mita 3. Kimo chake ukiwa safarini ni kama mita 3.7, kwa hiyo kata matawi yanayoning'inia na angalia waya wa umeme ulioingia nyumbani. Daraja la magogo lisiaminiwe. Lobedi huenda isifike shambani kabisa. Tafuta mapema mahali pagumu na tambarare pa kushushia, na uwaombe ruhusa wenye mashamba utakayopita.

Kuhusu visiki vya mikorosho: kabla ya kung'oa, jiulize kama lazima. Mkorosho mzee wenye shina zima unaweza kukatwa na kubebeshwa vikonyo, yaani kuunganishiwa vitawi, vya aina bora, na kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Naliendele kimekuwa kikifundisha wakulima hilo kwa miaka. Ukiamua kung'oa, kata mti lakini acha kisiki cha kimo cha mita moja hivi, maana kisiki kirefu kinampa opareta mahali pa kusukumia. Achimbe pande zote akate mizizi, kisha akiinue kwa chini. Kukisukuma tu kwa ndoo ya mbele kunaumiza mtambo na kuacha mizizi ardhini.

Mapatano yaandikwe, hata kama mwenye mtambo ni mtu mnayefahamiana. Ni kwa saa, kwa siku au kwa kazi nzima? Dizeli ni ya nani? Kwa kukadiria, mtambo hula lita 6 hadi 10 kwa saa, ikitegemea ugumu wa kazi. Gharama ya kuuleta na kuurudisha ni ya nani, na ukiharibika katikati, saa zinasimama? Gharama ya usafiri ndiyo inayouma, kwa hiyo ongea na majirani. Nyumba tatu zenye kazi siku mfululizo zinagawana safari moja. Kama dizeli ni yako, inunue kituoni, ichujwe, ikae kwenye madumu safi. Mtambo ukifika, piga picha ya mita ya saa za injini. Chungulia mipira ya haidroli kama inavuja, matairi, na pini za mkono kama zinacheza. Opareta akuoneshe leseni ya mitambo.

Siku ya kazi, watoto watakuja. Kijiji kizima kitakuja, kwa kweli, na hakuna ubaya wakitazama wakiwa mbali. Funga kamba mita 10 kuzunguka eneo na umpe mtu mzima mmoja kazi ya kuilinda, asiwe na shughuli nyingine. Mkono wa nyuma unazunguka nusu duara kwa kasi, na opareta anatazama ndoo, haoni aliyesimama ubavuni. Miguu ya mtambo iwekewe mbao nene kwenye mchanga ili isizame. Hakuna mtu kupanda kwenye ndoo, hata kwa hatua mbili. Chini ya nyaya za umeme mkono usikaribie kwa mita 3, na zaidi ikiwezekana. Ukigusa, opareta abaki kwenye kiti, watu wasiusogelee mtambo, na TANESCO waitwe wakate umeme.

Shimo likipita kina cha mita 1.2, asiingie mtu mpaka kuta zimelazwa, zimekatwa ngazi au zimewekewa mbao za kuzuia. Simama ukingoni, mbali kidogo, uangalie ukuta. Mchanga unapoanza kukauka kwa jua la saa tano, punje hudondoka chache chache, kisha kipande kama cha kiganja hubanduka na kuacha kovu lenye rangi ya unyevu. Pembeni juu unaweza kuona ufa mwembamba sambamba na ukingo. Ukiuona ufa huo, ondoa watu wote na mwambie opareta aubomoe ukuta huo mwenyewe kwa ndoo.

Kabla mtambo haujarudi kwenye lobedi, teremsha kamba yenye jiwe upime kina kwenye pembe zote nne na katikati. Tofauti ya sentimita 20 opareta anaisawazisha kwa dakika chache akiwa bado yupo. Akishaondoka, ni vibarua na chepeo. Linganisha mita ya saa na picha yako ya asubuhi, sainini wote wawili, ndipo ulipe. Na shimo lizungushiwe miti na matawi ya miiba jioni hiyohiyo, kwa sababu fundi wa zege huenda akafika baada ya wiki, na mbuzi na watoto wanapita hapo kesho asubuhi.